Siku Niliyomfuta Katana Charo

Nyinyi mnaochapa huku mkizungumza na jirani, wala macho hayapo kwenye vidole, nataka kuwapa habari ya mtu niliyemfuta. Simaanishi kwamba nilimuua. Lakini kwa siku nne mtu huyo hakuwa na shamba, na kidogo akose baba, na aliyemfanyia hayo ni mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti kizuri, feni inavuma, ninamshukuru Mungu kwa maajabu aliyotuletea Malindi.

Sina hakika kama mimi ndiye wa kuwaandikia. Shule niliishia darasa la saba. Nilichokuwa nacho ni tabia ya kuandika mambo ya siku kwenye daftari, na madaftari hayo ninayo, japo mengine yameliwa na mchwa. Pale daftari linaponyamaza nimetegemea kichwa changu, ambacho sikiamini sana. Mkiona mahali nimejipamba, mjue si kusudi.

Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya wakili mmoja mjini. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Shella, papa hapa Malindi, na kazi nilifundishwa na Maalim Salim, mpiga taipu mkuu wa ofisi ile, mzee mwembamba aliyevaa kofia ya kazi ya mkono hata kukiwa na joto la kuyeyusha mshumaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba karatasi ya kaboni ina uso na mgongo. Nilijua baada ya kupiga mkataba mzima, kurasa nne, kaboni ikiwa imegeuzwa. Nakala haikuwapo. Maneno yote yalikuwa nyuma ya karatasi ya juu, yamegeuka kinyume. Maalim hakunigombeza. Alichukua zile kurasa akaenda nazo kwenye kioo cha kunawia, akausoma mkataba wote kiooni kwa sauti ya hutuba, ofisi nzima ikicheka mpaka na mshtakiwa aliyekuwa akingoja barazani.

"Umeandika vizuri, Rukia," akaniambia. "Ila mteja wetu itabidi anunue kioo."

Maalim alikuwa na sheria moja asiyoivunja. Hakuna waraka uliotoka ofisini bila kusomeana. Kusomeana ni hivi: mmoja ashike ule ulioandikwa kwa mkono, mwingine ashike ule uliochapwa, aweke rula chini ya mstari, kisha wa kwanza asome kwa sauti, neno kwa neno, hata nukta aitaje. "Koma. Jina. Nukta." Kurasa kumi ni saa nzima, na koo linakauka. Sisi vijana wa wakati ule tuliona ni adhabu. Tulisema akifa Maalim tutaizika pamoja naye. Hakufa, alistaafu akarudi kwao Mambrui, nasi hatukungoja.

Sasa ili mwelewe kwa nini nilipumbaa, lazima mjue mateso ya kosa. Kosa la herufi moja kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala nyingi, lilipakwa rangi nyekundu iliyonuka kama rangi ya kucha, ukaipulizia ikauke, ukagonga herufi mpya juu yake kwa adabu, usije ukaitoboa. Hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kuruka mstari. Ukiruka mstari ukurasa wa pili, na waraka una kurasa thelathini, basi huo wa pili unaupiga upya, unazidi, unamwagikia wa tatu, wa tatu unamwagikia wa nne. Nimewahi kulia juu ya mstari mmoja.

Kompyuta ilikuja miaka ya themanini ikielekea mwishoni. Bwana wakili aliinunua baada ya kuona kama hiyo kwa mwenzake Mombasa. Ilitengewa chumba chake. Tulivua viatu mlangoni. Feni pekee ya ofisi ikageuzwa kuielekea, sisi tukabaki na vipepeo vya ukili. Jioni ilifunikwa kitambaa kilichotariziwa na mke wa bwana wakili, utadhani bibi arusi.

Pamoja nayo alikuja Dama, msichana wa Kilifi, Mgiriama, aliyekuwa amesomea mashine hizo miezi sita. Mimi nilikuwa namzidi miaka kumi na tano na zaidi. Nitasema kweli, nilimchukia wiki nzima. Na yeye, kwa haki yake, hakunifanyia lolote la kustahili chuki. Kila asubuhi, "Shikamoo Bi Rukia," kisha ananivutia kiti.

Siku ya kwanza ya kujifunza alinipa barua niichape. Nikaichapa, herufi za kijani zikatokea kwenye kioo, nikaona si kitu, ni taipureta isiyo na karatasi. Nilipomaliza Dama akainama kutazama.

"Umeruka mstari, Bi Rukia. Huu wa tatu."

"Ole wangu. Basi nitoe nianze upya."

"Utoe nini?"

"Karatasi."

"Karatasi ipi?" Akacheka akaziba mdomo, maana mimi ni mkubwa. "Hebu peleka hiki kialama kinachopepesa hapa. Haya. Sasa andika huo mstari ulioruka."

Nikaandika. Na hapo ndipo nilipoona. Maneno yaliyokuwa yamekaa pale yalisogea. Kila nilipogonga herufi yalijivuta, yakashuka mstari wa chini, na ya chini yakashuka zaidi, kimya kimya, mfano wa watu waliokaa jamvini kwenye karamu, akiingia mgeni mmoja kila mtu hujisogeza kidogo bila kuambiwa. Nilipomaliza mgeni alikuwa amekaa na hakuna aliyesimama. Nikasema "Subhanallah!" kwa sauti iliyomleta bwana wakili mbio, akidhani imeungua.

Kwenye daftari la siku hiyo nimeandika maneno matatu tu: Maneno yanapishana leo. Sijui nilitaka kusema nini zaidi.

Baada ya hapo kila siku ilikuwa na ajabu yake. Dama alinionyesha kuweka alama mwanzo na mwisho wa aya, kisha kuihamisha yote kutoka ukurasa wa tisa mpaka wa pili, na ikahama kama godoro. Alinionyesha kutafuta: unaandika jina, mashine inalikimbilia yenyewe ndani ya kurasa arobaini na kusimama hapo. Alinifundisha kuhifadhi, na hili nalo nilijifunza kwa machozi, maana umeme wa Malindi wa siku zile nyinyi hamkuujua. Ulikatika saa tano asubuhi moja, na kazi yangu ya tangu saa mbili ikaondoka na mwanga. "Kila ukinywa maji, hifadhi," Dama akaniambia. "Kila ukipiga chafya, hifadhi." Nikawa nahifadhi kama mtu mwenye mafua.

Na alinionyesha kubadilisha. Unaiambia mashine: popote palipoandikwa hili, weka lile. Ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, inasimama kila mahali inakuuliza, nibadilishe au nisibadilishe? Ya pili, haiulizi. Dama alisema, "Hii ya pili ni tamu, lakini uwe unakijua unachokibadilisha." Alisema. Nataka liwe wazi kwamba alisema.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe.

Kulikuwa na kijiji nyuma ya Gede, cha mikorosho na muhogo, ambacho watu wake walikuwa wakigawiwa mashamba kwa majina. Kamati ya kijiji ilimpa bwana wakili kazi ya kutengeneza orodha. Kila shamba lilikuwa na namba, jina la mwenyewe, na majina ya wanaopakana naye pande nne. Namba zilibadilishwa mara mbili wakati kamati inabishana mipaka, kwa hiyo daftari la kwanza la mkono lilikuwa halifai tena. Kwa taipureta tungekuwa tumeshakufa. Orodha sahihi ilikuwa ndani ya kompyuta peke yake.

Masharti yalikuwa mawili. Jumatatu afisa angekuja kutoka Kilifi kupitisha orodha. Na hakuna mtu kupata mashamba mawili. Mtu akionekana ana shamba la pili, shamba hilo anapewa mwingine, na waliokuwa wakingoja ni wengi.

Jumanne ya wiki ile (daftari lasema Jumanne, mimi kichwani naona Jumatano) alikuja mtu mmoja mpole, Charo Katana, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Kilifi, na barua ya chifu. Baba yake, mzee Katana Charo, alikuwa amefariki. Ndugu wote wamekubaliana shamba la marehemu liandikwe jina lake yeye Charo. Bwana wakili akatia saini pembeni: Rukia, badilisha.

Dama alikuwa amepewa ruhusa, mama yake anaumwa. Nikakaa peke yangu mbele ya kioo. Nikaona jina la marehemu halipo mahali pamoja. Lipo kwenye shamba lake, lipo kwenye mipaka ya majirani zake, lipo kwenye maelezo ya mwanzo. Nikajiambia, hii ndiyo kazi ya ile njia tamu. Popote palipo Katana Charo, weka Charo Katana. Usiniulize.

Sikumaliza kuvuta pumzi. Mashine ikaniandikia kwamba imebadilisha mahali kumi na moja. Kumi na moja! Nilinyanyua mikono nikaitazama, nikitafuta ni kidole gani kilichofanya kazi ya siku mbili. Nikahifadhi. Nikanywa maji, nikahifadhi tena. Nikachapisha, printa ikapiga kelele zake za kukereza, na jioni nakala zikaenda kubandikwa kwa chifu. Kusomeana? Nisomeane na nani, na nini? Mashine haikosei, nilisema. Hilo nililisema kwa mdomo wangu, mbele ya tarishi.

Na kwa kweli haikukosea.

Jumamosi asubuhi nilisikia mtu barazani hata kabla sijavua viatu. Kijana wa miaka kama ishirini na mitano, mkononi ameshika ukurasa wa orodha aliouchomoa ubaoni, misumari ingali inaning'inia.

"Ni nani hapa aliyempa baba yangu shamba langu?"

"Karibu ukae, mwanangu. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Katana Charo."

Nikamtazama. Nikasema kitu cha kijinga kabisa. Nilisema, "Katana Charo amekufa."

"Huyo ni babu! Mimi ni mjukuu. Mimi ndiye mwenye jina lake."

Dama, aliyerudi siku hiyo, alikuwa amesimama mlangoni. Sikumwona usoni lakini nilisikia alivyovuta pumzi. Yeye ni wa huko, yeye angejua bila kufikiri. Kwa Wagiriama mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu yake. Katana akamzaa Charo, Charo akamzaa Katana, na huyu akipata mwana ataitwa Charo. Majina yanakwenda na kurudi kama mfumaji anavyorusha uzi. Na mimi, niliyekaa na Wagiriama maisha yangu yote, niliyenunua muhogo wao na kuhudhuria matanga yao, nilikuwa nimeiambia mashine kwamba Katana Charo ni mmoja.

Haukupita muda wakaingia Charo mwenyewe na mama yake, Bi Sidi, mjane wa marehemu, mama wa hando, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, na leso ya kaniki ya msiba. Charo akakaa ncha moja ya benchi. Kijana akakaa ncha nyingine, uso ukutani. Bi Sidi akawa katikati.

"Hawe," kijana akamwambia bibi yake, "mwambie mwanao asiniangalie."

"Mwanangu ni baba yako," Bi Sidi akasema.

"Baba gani? Jana mbele ya kamati nimeulizwa, kwani baba yako amekukana? Ana kazi yake kiwandani Kilifi, sasa anataka na langu la kisimani!"

"Mimi niliomba la marehemu tu," Charo akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. Nadhani alikwisha sema hivyo mara nyingi tangu juzi. "Niliomba la marehemu tu."

Bwana wakili aliniita pembeni. Niwe wa haki kwake pia: alikuwa mtu mwema, aliyetetea wengi bila malipo. Lakini aliogopa jina la ofisi. Akaninong'oneza, "Waambie majina yameletwa hivyo na kamati. Tutarekebisha, na yatakwisha."

 Sikuwa shujaa, msije mkafikiri. Nilisimama pale nikihesabu: nikisema ni kamati, kijana atabaki akiamini kwamba baba yake alikwenda kwa kamati kwa siri. Atapata shamba, lakini lile neno halitafutika. Nikarudi barazani.

"Aliyefanya hivi ni mimi," nikasema. "Baba yako alileta barua ya shamba moja. Mimi nikaiambia mashine ibadilishe jina kila mahali, isiniulize. Sikusoma tena. Si kamati, si baba yako, wala si mashine."

 Kisha Charo akacheka, kicheko kibaya. "Mama, mwanangu amenitukana mbele ya wazee kwa ajili ya kidole cha mtu?"

 

Bwana wakili, kwa haki yake tena, hakunikemea. Alisema tu, "Basi irudisheni." Nami nikakimbilia kioo, nikasema nitageuza, popote palipo Charo Katana niweke Katana Charo.

Dama akanishika mkono. "Bi Rukia, ukifanya hivyo la marehemu linarudi kwa marehemu. Na kuna mzee mwingine wa kamati anaitwa Charo Katana tangu kuzaliwa, huyo naye utamfuta. Nakala ya zamani iko wapi?"

Nilikuwa nimehifadhi juu yake. Mara mbili. Kama nilivyofundishwa.

Basi hapo ndipo tulipoifanya kazi ambayo nikiikumbuka bado mwili unanisisimka. Dama alisema tutafute moja moja. Tukawaita wote watatu kwenye chumba cha kompyuta, Charo akapewa kiti kidogo, kijana akaegemea ukuta, Bi Sidi akavua ndara zake akaziweka sambamba mlangoni. Hajui kusoma hata herufi. Dama akaiambia mashine itafute. Ikasimama. Mimi nikasoma kwa sauti, kwa mtindo wa Maalim Salim, rula mkononi ingawa hapakuwa na karatasi.

"Shamba la Kahindi. Koma. Upande wa mawio anapakana na Charo Katana. Nukta."

Bi Sidi akafumba macho. "Kahindi yupi? Mwenye ng'ombe?"

"Huyo," Charo akajibu.

"Huyo amepakana na mzee wangu. Kuna mikorosho mitatu hapo, mmoja uliopigwa na radi. Ni la marehemu."

"Basi acha Charo," Dama akasema, akaiacha. Mashine ikaenda mbele, ikasimama.

"Shamba la Bi Kadzo. Upande wa machweo, Charo Katana."

"Kadzo yuko kisimani. Hapo ni huyu mjukuu wangu. Asubuhi hii nimepita, mahindi yake yamefika gotini."

Dama akabadilisha. Katana Charo.

Mara kumi na sita mashine ilisimama, yale kumi na moja yangu na matano ya yule mzee wa kamati, na mara kumi na sita Bi Sidi alifumba macho akaenda huko kwa miguu yake, akarudi na jina. Hakukosa wala kusitasita. Watu wanauliza ni kipi kilichonishangaza zaidi katika kazi yangu, nao wanataka niseme kompyuta. Siku ile nilikuwa na viwili mbele yangu. Kimoja kilijua palipoandikwa jina katika kurasa zote kwa kupepesa jicho. Kingine kilijua ni la nani. Sikuweza kuamua nistaajabie kipi.

Majina matano yalirudi kwa kijana. Yaliyobaki yalikuwa mahali pake. Tulipofika lile la tano, shamba lenyewe la kisimani, sikumwona kijana alipoondoka ukutani, lakini niliona amesimama nyuma ya baba yake anachungulia kioo. Charo akajisogeza kwenye kile kiti chake kidogo, nusu ya kiti, bila kugeuka. Kijana akakaa.

Dama akachapisha, nasi tukasomeana orodha nzima, Katana na baba yake wakishika rula kwa zamu. Jumatatu afisa aliipitisha.

Nimewahi kutamani nimalize kwa mafunzo, lakini machache ninayoyajua mmekwisha kuyaona. Tunza nakala ya jana kwa jina lake, mbali na ya leo. Iache mashine ikuulize, hata kama una haraka, hasa ukiwa na haraka. Kisha toa karatasi na umtafute mtu wa kukusomea, ikiwezekana anayewajua waliomo.

Kabla hawajaondoka siku ile, Bi Sidi aliomba aonyeshwe jina lenyewe. Dama akalitafuta. Herufi za kijani zikasimama katikati ya kioo, na kialama kikipepesa mbele yake. Bi Sidi akainama mpaka leso yake ikagusa mezani.

"Hapa pameandikwaje?"

"Katana Charo," nikasema.

"Mzee wangu."

"Mjukuu wako, bibi."

"Ndiyo," akasema. "Mzee wangu." Akaweka kidole kwenye kioo, taratibu, kama anayegusa shavu la aliyelala. Kisha akaniuliza mimi, si Dama. "Huu umeme ukikatika, naye anaondoka?"

Dama alinitazama. Nikanyoosha mkono nikahifadhi, nikitazama vidole vyangu.

"Haondoki, bibi," nikamwambia. "Yumo."